Programu ya bakapu: usiulize inahifadhije, uliza inarudishaje

Najua huku kwetu Kusini wengi mko kwenye palizi ya ufuta na hamkutegemea bwana shamba aje na habari za kompyuta. Vumilieni kidogo. Tangu nianze kuhimiza hesabu za shamba na duka ziwekwe kwenye kompyuta, swali ninaloulizwa sana, kuliko hata la viwavijeshi, ni hili: "Afisa, programu gani ya bakapu ni nzuri?" Na karibu kila anayeuliza tayari kuna mtu mjini amempa jibu. Kaambiwa anunue hii, alipie ile kila mwezi, au fundi amwekee nyingine kwa elfu thelathini.

Leo nataka kugombana na majibu hayo. Nagombana na mimi mwenyewe pia, maana kosa la kwanza nililifanya mimi.

Miaka mitatu iliyopita niliwakusanya wenye maduka ya pembejeo wa kata yangu, siku mbili, soda na maandazi, nikawafundisha kuweka hesabu kwenye kompyuta. Nilikuwa na maneno mengi siku hiyo. Nilisema daftari linaliwa na mchwa, linalowana na mvua, watoto wanalichana kuwashia moto. Nilisema mwenye kompyuta anajua anamdai nani na kiasi gani kwa kubonyeza mara moja. Yote ni kweli. Ambalo sikulisema ni kwamba kompyuta nayo inakufa, tena inakufa bila kuugua.

Mama mmoja alinisikiliza kuliko wote. Ana duka la mbegu, dawa za mikorosho na mabomba ya kupulizia, na kama wauzaji wengi wa vijijini anakopesha: unachukua dawa mwezi wa sita, unalipa korosho zikiuzwa mnadani. Alinunua kompyuta mpakato ya mtumba, akaingiza madeni yote kwenye Excel, akaweka daftari pembeni. Alipouliza habari ya bakapu nikamwambia, "Mwone fundi mjini." Hilo ndilo lilikuwa jibu langu lote.

Fundi alimwekea programu kwa shilingi 35,000, na diski ya nje akamuuzia kwa bei yake nyingine. Kwa macho ilikuwa programu nzuri: rangi ya bluu, mshale unazunguka, na kila Ijumaa jioni inaandika kwamba kazi imekamilika. Mama akaridhika, na mimi nikaridhika. Mwezi wa tisa umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikatoa harufu ya kuungua na ikawa ndiyo basi. Hakuna aliyeshtuka sana, maana diski ilikuwa kabatini. Akatafuta kompyuta nyingine, tukachomeka diski, tukakuta faili moja tu, kubwa, lenye mkia wa jina ambao Windows haiutambui. Halifunguki kwa Excel wala kwa chochote. Linataka programu ile ile iliyolitengeneza. Na programu ile ile ilikuwa ya kraki, ya kuvunjwa kufuli. Kwenye kompyuta mpya ikaomba namba ya leseni ambayo mama hakuwahi kupewa. Fundi alipigiwa simu. Mara ya kwanza alisema atakuja Jumamosi. Mara ya pili hakupatikana.

Korosho zikauzwa, wadaiwa wakapata fedha zao. Waliokuja kulipa wenyewe walikuja, Mungu awabariki. Wengine walisema walishalipa tangu mwezi wa nane. Nani atawabishia, na kwa karatasi ipi? Hadi leo mama hajui kwa hakika amepoteza kiasi gani, na hilo linamuuma kuliko hasara yenyewe. Nilipokwenda kumpa pole aliniuliza, "Bwana shamba, ulisema daftari linaliwa na mchwa. Hili langu limeliwa na nini?"

Nilirudi nyumbani kimya. Tangu siku ile nimekuwa nikijifunza mambo haya usiku, baada ya kazi, na haya ninayoyaandika nimeyajaribu kwenye kompyuta yangu mwenyewe na za watu watatu walioniamini.

Kwanza tuelewane bakapu ni nini, kwa sababu neno linatumika ovyo. Bakapu ni nakala ya mafaili yako iliyokaa mahali ambapo ajali ya kompyuta haifiki, na ambayo unaweza kuifungua siku kompyuta haipo. Kunakili folda ya hesabu kutoka kwenye meza ya kompyuta kwenda sehemu ya D ya kompyuta hiyo hiyo si bakapu. Ni sawa na kugawa mahindi kwenye magunia mawili na kuyaweka chumba kimoja. Nyumba ikiungua yanaungua yote. Na kuhamishia mafaili kwenye flashi kisha ukayafuta kwenye kompyuta ili upate nafasi nayo si bakapu. Hapo bado una nakala moja, umeihamishia tu kwenye kitu kidogo kinachopotea mfukoni.

Sasa hoja yangu kubwa. Watu wa mjini wanapolinganisha programu za bakapu wanahesabu mambo inayoweza kufanya: inabana mafaili yawe madogo, inanakili kompyuta nzima na Windows yake, inatuma ripoti, ina ratiba ishirini. Mkulima au mwenye duka la kijijini hana haja na mengi ya hayo. Swali lake la kwanza ni moja: siku kompyuta hii imekufa, programu haipo, fundi hapokei simu na intaneti hakuna, je, nikichomeka diski hii kwenye kompyuta ya mwalimu mkuu nitayaona mafaili yangu na kuyafungua?

Programu zote za bakapu, kwa swali hilo, ni za aina mbili. Aina ya kwanza inanakili faili kama lilivyo. Hesabu ya Excel inabaki hesabu ya Excel, picha inabaki picha. Aina ya pili inayakusanya mafaili yako yote, inayabana na kuyafunga kwenye fungu lake lenyewe, na fungu hilo linafunguliwa na programu hiyo tu. Ya pili si wizi wala si mbaya yenyewe. Mabenki na makampuni makubwa yanatumia ya namna hiyo kwa sababu inaokoa nafasi na inaweza kufunga mafaili kwa neno la siri. Lakini wao wana mtu wa kompyuta analipwa mshahara kukaa nayo. Wewe ukitumia aina ya pili umepeleka mahindi yako kwenye ghala la mtu, ufunguo anao yeye, na stakabadhi hujapewa. Ninyi wa ufuta na korosho mnajua ghala bila stakabadhi maana yake nini.

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: kwa kompyuta ya nyumbani ya mkulima au mwenye duka, chagua aina ya kwanza. Fundi akikuambia "hiyo ni ya kizamani", mwambie na jembe ni la kizamani.

Kuhusu kraki nitasema kwa ufupi kwa sababu nina hasira. Programu ya bakapu ndiyo ya mwisho kabisa ambayo mtu anapaswa kuwekewa ya kraki. Programu ya kuandikia ikigoma leo, utaandika kesho. Bakapu unaihitaji siku moja tu, siku mbaya, na siku hiyo ndiyo inayoomba leseni. Aliyevunja kufuli hakuvunja kwa ajili ya upendo, na mara nyingi ndani ya kraki mna virusi. Umemfungulia mwizi mlango ili akuwekee komeo.

Kuna fundi atanisoma na kusema namharibia riziki. Hapana. Fundi akuwekee diski, akufundishe kurudisha mafaili, umlipe kwa kazi hiyo, tena umlipe vizuri. Ninachokataa ni kulipia kitu cha bure kilichogeuzwa cha wizi, wakati ndani ya Windows uliyonayo tayari mna programu ya bakapu ambayo watu wengi hawajawahi kuifungua.

Inaitwa File History. Imo kwenye Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na imo kwenye Windows 10 na 11. Haihitaji intaneti, haihitaji leseni nyingine, na inanakili mafaili kama yalivyo. Chomeka diski ya nje. Bonyeza kitufe cha Windows, andika File History, fungua inayojitokeza, chagua diski yako, iwashe. Basi. Kwa kawaida, diski ikiwa imechomekwa, itanakili kila saa mafaili yaliyobadilika, na haifuti nakala za zamani. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ukikosea leo ukafuta safu nzima ya majina kwenye hesabu, ukahifadhi, ukagundua baada ya wiki tatu, bado utaipata ile ya kabla ya kosa. Mimi binafsi limeniokoa mara mbili, na zote mbili kosa lilikuwa la kidole changu.

Na ukiipeleka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine yoyote, ukifungua folda inayoitwa FileHistory, ukaingia ndani hatua kwa hatua, utakuta mafaili yako yana majina yale yale na tarehe imebandikwa mwishoni mwa jina. Unabonyeza, Excel inafungua. Hakuna anayekuomba chochote.

Ina mtego mmoja, na nisipousema nitakuwa nimerudia kosa langu la zamani. File History haichukui kila kitu. Inachukua folda za kawaida: Documents, Pictures, Desktop na wenzake. Mafundi wetu wana tabia ya kugawa diski ya kompyuta sehemu mbili na kukuambia "kazi zako weka D". Ukifuata ushauri huo, File History haitagusa kazi zako hata kidogo, na haitakulalamikia. Rudisha mafaili yako muhimu kwenye Documents. Mama mwenye duka sasa ana folda moja tu inayoitwa DUKA, ndani ya Documents, na kila kitu kimo humo.

Kwa asiyependa File History, au mwenye kompyuta ambayo imegoma kuiwasha, kuna FreeFileSync. Nayo ni ya bure kwa matumizi binafsi, inanakili mafaili kama yalivyo, na inakuonyesha kabla ya kuanza nini kitanakiliwa wapi. Pakua kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, usichukue ya kwenye flashi ya rafiki. Lakini soma unachobonyeza. Ina namna ya kufanya kazi inayoitwa Mirror, yaani kioo: diski inafanywa ifanane kabisa na kompyuta. Ukifuta kwenye kompyuta, inafuta na kwenye diski. Ukigeuza pande kwa makosa, ukaweka diski tupu kushoto, itaisafisha kompyuta yako kwa utii mkubwa. Tumia ile inayoitwa Update, ambayo inaongeza na kusasisha bila kufuta.

Duplicati nayo nimeijaribu, maana kijana mmoja wa chuo aliniletea kwa furaha. Ni ya bure kweli, na ni nzuri kwa mtu anayeielewa. Lakini ni ya aina ya pili: inafunga kila kitu kwenye mafungu yake, kwa neno la siri, na neno la siri likipotea hakuna wa kukuokoa. Kijana yule nilimshukuru, na kwenye kompyuta ya duka sikuiweka.

Sasa niwageukie wale wa upande wa pili, wenye simu kubwa, wanaosema: "Mambo ya diski yamepitwa na wakati, weka tu kwenye Google." Hawa wananikera zaidi ya mafundi, kwa sababu wanazungumza kama watu ambao hawajawahi kuona bando likiisha katikati ya kazi.

Wana sehemu ya ukweli. Google Drive inakupa GB 15 bure, na humo zimo pia barua pepe na picha zako. OneDrive ya Microsoft inakupa GB 5. Hesabu za duka la kijijini, madeni, orodha ya wanachama, barua za chama, mara nyingi hazifiki hata GB moja. Kuweka hizo mtandaoni ni jambo zuri na nalipendekeza. Moto ukila nyumba na diski ndani yake, nakala ya mtandaoni itabaki. Lakini picha za harusi na video za shamba ni habari nyingine. Pima folda yako kwanza: bonyeza kitufe cha kulia cha panya, kisha Properties, uone ni MB ngapi. Halafu linganisha na bando unalonunua. Hesabu hiyo itakujibu kuliko mimi.

Kosa lao ni kuchanganya vitu viwili. Google Drive na OneDrive, ukiziweka kwenye kompyuta, kazi yake ni kulinganisha: kilichopo hapa kiwe na kule. Ukifuta faili hapa, na kule linafutika. Litakaa kwenye kapu la taka kwa muda. Kwa Google Drive ni siku 30, kisha linaondoka kabisa. Mfanyabiashara anayefungua hesabu za msimu mara moja kwa mwaka atagundua mwezi wa sita kwamba alifuta mwezi wa pili. Ni kama dumuzi kwenye mahindi. Ukiwa na magunia mawili yanayogusana, dumuzi akiingia la kwanza hakuulizi ruhusa kuingia la pili.

Na dumuzi wa kompyuta wapo kweli. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta za nchi nyingi na kudai fedha ili kuyafungua. Hospitali za Uingereza zilivuruga ratiba za wagonjwa kwa sababu yake. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu mwezi Machi mwaka ule ule, ila wengi hawakuwa wamekiweka. Virusi vya namna hii hufunga kila diski vinayoiona imechomekwa. Ndiyo maana diski ya bakapu haikai imechomekwa mwezi mzima. Chomeka, subiri imalize, itoe kwa utaratibu, iweke mahali pengine. Na kwa kuwa nimetaja viraka: Windows 10, ambayo kompyuta nyingi za mtumba huku kwetu zinaitumia, Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta itaendelea kuwaka. Ila ulinzi wake unachakaa, kwa hiyo bakapu yako inahitajika zaidi kuliko mwaka juzi.

Tena hizi huduma za mbali zina wenyewe. Mwaka 2017 CrashPlan ya Marekani, iliyokuwa inasifiwa sana kwa bakapu za nyumbani, ilitangaza kwamba inaachana na wateja wa nyumbani ibaki na makampuni, na Oktoba 2018 huduma hiyo ikafungwa. Waliarifiwa mapema, sawa. Lakini fikiria wewe unapokea arifa hiyo kwa Kiingereza, kwenye barua pepe unayoifungua mara moja kwa miezi mitatu, na kuhamisha GB zako kunahitaji bando la wiki nzima. Hata programu za bure za kuweka kwenye kompyuta huondolewa: Macrium Reflect ya bure, iliyopendekezwa miaka mingi, haina tena msaada tangu mwanzoni mwa 2024. Ndiyo maana narudia lile swali la aina mbili. Aliyenakili mafaili kama yalivyo hajali nani kafunga duka.

Kuna watu wataniambia nakala ya kompyuta nzima ni bora, maana ukirudisha unapata Windows na kila kitu kama kilivyokuwa. Kwa ofisi yenye kompyuta kumi nakubali, na kwa ofisi hiyo lipieni programu halali. Kwa wewe mwenye moja, fikiri nini hasa huwezi kukipata tena. Windows fundi yeyote anapiga mchana mmoja. Orodha ya wanaokudai hakuna fundi anayeweza kuipiga. (Na akikuambia anapiga Windows, hakikisha kwanza mafaili yametolewa. Nimeona mzee mmoja aliyepeleka kompyuta kwa sababu ni nzito, ikarudi nyepesi na tupu.)

Diski ngapi? Mpiga picha wa Marekani anayeitwa Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Ninyi mnaotumia mifuko ya PICS mtaielewa haraka. Mfuko ule una tabaka tatu, mbili za plastiki na moja ya nje, na hakuna anayeuliza kwa nini moja haitoshi, kwa sababu mmeshaona mahindi yaliyowekwa kwenye moja. Kwa duka la kijijini naona hivi: kompyuta yenyewe ndiyo nakala ya kwanza. Diski ya nje yenye File History ndiyo ya pili, inachomekwa kila jioni ya siku ya mnada na kila mwisho wa wiki. Ya tatu ni folda ya hesabu tu, mtandaoni kama bando linaruhusu, au kwenye flashi inayokaa kwa dada yako kijiji cha pili na kubadilishwa kila mwezi. Flashi isiwe ile ya kusambazia nyimbo na filamu. Ile inaingia kwenye kompyuta za steshenari zote za mji na kurudi na kila ugonjwa.

Flashi peke yake, bila diski, siiamini. Zinakufa ghafla, zinapotea, na nyingine zinazouzwa sokoni zimeandikwa ukubwa ambao hazina: imeandikwa GB 128, ndani kuna 8, na ukishajaza hizo 8 inaendelea kupokea mafaili huku inayatupa. Hiyo nayo ni kangomba, kipimo cha kuibia.

Sasa jambo ambalo hakuna muuza programu anakuambia. Neno "imekamilika" kwenye kioo si ushahidi. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa inatengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2, na mtu mmoja akaingiza amri iliyoanza kufuta filamu kwenye kompyuta zao. Wakakimbilia bakapu, wakakuta zilikuwa hazifanyi kazi sawasawa kwa muda na hakuna aliyekuwa amejua. Waliokolewa na mama mmoja, Galyn Susman, mkuu wa ufundi wa filamu hiyo, aliyekuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga na alifanyia kazi huko. Kampuni yenye wataalamu wa kompyuta kila chumba! Wewe na mimi ni nani?

Kwa hiyo jaribu. Mara moja kila miezi mitatu, usiku wa kwanza wa mwezi kama unasahau, chukua diski yako uende kwa jirani mwenye kompyuta. Fungua hesabu ya duka. Tazama mstari wa mwisho: je, ni wa wiki hii au wa mwaka jana? Funga, rudi nyumbani. Ni robo saa. Kama jirani hana kompyuta, tengeneza faili la majaribio, linakili, lifute, kisha ingia File History, palipoandikwa Restore personal files, ulirudishe. Usijaribu kwa kufuta hesabu yenyewe, tafadhali. Kuna mmoja alifanya hivyo kwa ujasiri.

Wenye orodha za wanachama, makarani wa vyama vya msingi na vikundi vya kukopeshana, mna mzigo wa ziada. Diski yenu ina majina ya watu, namba za simu, namba za vitambulisho, nani anadaiwa nini. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, inayotumika. Diski hiyo si ya kuachwa juu ya meza ya ofisi wala kupewa kijana akatilie nyimbo. Ikae kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo kwa katibu na mweka hazina. Faili la Excel lenyewe mnaweza kuliwekea neno la siri, na neno hilo liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, iwekwe na nyaraka za chama. Karani akihama au akifariki, chama kisibaki kinalia mlangoni.

Wafanyabiashara nanyi, Sheria ya Usimamizi wa Kodi inawataka mtunze kumbukumbu kwa miaka isiyopungua 5. Kompyuta ya mtumba kufikisha miaka 5 ni bahati. Kusema "kompyuta iliharibika" mbele ya afisa wa kodi hakujawahi kumsaidia mtu ninayemjua.

Na daftari? Nilisema muache madaftari. Naliondoa neno hilo hapa, mbele yenu wote. Kila mwisho wa mwezi, chapisha ukurasa wa madeni, au uandike kwa mkono kama steshenari iko mbali: jina, kiasi, tarehe, na sahihi ya mdaiwa pale inapowezekana. Tia kwenye faili la karatasi. Mdaiwa mwenye sahihi yake habishi sana, na hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, inayokupa sahihi hiyo. Mama mwenye duka sasa ana vyote, kompyuta na diski na daftari, na akiniona anacheka kwanza ndipo anaitikia salamu.

Siku za mnada nitakuwa ofisi ya kata kuanzia saa 4 asubuhi. Njoo na kompyuta yako, chaja yake na diski tupu, au ambayo hujali kufutwa kilichomo. Kama umeme umekatika tutatumia sola ya zahanati, nimeshaomba. Tutawasha File History pamoja, kisha wewe mwenyewe, si mimi, utarudisha faili moja kabla hujaondoka.